Mayu Kwandu Amekubali Ubatizo

S.L.P. 118,
Somanda, Bariadi,
Mkoa wa Shinyanga.
25 Agosti, 1996.

Mpendwa mdogo wangu Marcelo, ng'wana Mihayo,

Mwangaluka! Pokea salamu zetu, nyingi kuliko punje za mtama ghalani. U hali gani huko Newala? Wifi yangu Scola amepona kile kifua? Na yule mtoto wa mwisho, ameanza kutembea au bado anakokota makalio? Sisi huku ni mhola tu, wazima wote, tunamshukuru Mungu.

Shemeji yako Mayige mguu umepona, ameshaanza tena kuzunguka mjini bila fimbo na kugombana na watu kuhusu vyama vya siasa. Nancy yuko darasa la sita na ananizidi kimo. Mimi bado niko na cherehani yangu. Kazi ya kushona nguo mpya imepungua kwa sababu ya mitumba, kila mtu anataka suruali ya Ulaya. Lakini suruali za Ulaya zimeshonwa kwa watu wenye viuno vipana, basi wanazinunua gulioni halafu wanakuja kwangu nizipunguze. Mungu hamtupi mja wake.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipata. Nilichelewa kujibu kwa makusudi, maana uliniuliza jambo moja zito na nilitaka kukujibu nikiwa na habari, siyo pole. Sasa ninazo. Kaa kwenye kiti, mdogo wangu.

Jumapili iliyopita, tarehe 18, mama zetu wamebatizwa. Wote wawili, siku moja. Mayu Salu aliyetubeba mgongoni, na Mayu Kwandu aliyetuzaa. Najua umerudia kusoma jina hilo. Ndiyo, Mayu Kwandu yule yule.

Wewe ulikuwa mdogo mambo haya yalipoanza, kwa hiyo niache nikueleze tangu mwanzo.

Baba hakuwa mtu wa kukataa dini. Mwaka 1969 alikwenda mwenyewe kuomba ubatizo. Akaambiwa sharti: abaki na mke mmoja. Mayu Salu, mke wake wa pili, alikuwa mjane wa baba yetu mdogo, hakuwa na mtoto, na kwao hakukuwa na mtu wa kumpokea. Baba akasema, "Mtu niliyempokea kwa mkono, nimsukume kwa mguu? Basi niacheni." Akarudi nyumbani, wala hakuweka kinyongo. Kila Jumapili alitupakia kwenye baiskeli, wewe mbele mimi nyuma, akatufikisha kanisani Shishiyu, yeye akakaa nje chini ya dirisha akisikiliza nyimbo mpaka tutoke. Mayu Kwandu angeweza kubatizwa, mke wa kwanza hakuwa na kizuizi. Alikataa. Alisema hawezi kukaa kwenye benchi wakati mume wake amekaa kwenye vumbi.

Baba alipofariki mwaka 1983, ulimwambia Mayu Kwandu mbele ya watu asimlilie, maana aliyekufa bila ubatizo ameshapotea. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, umetoka juzi yake kwenye mkutano wa uamsho, na ulikuwa unalia kuliko sisi sote. Nalitaja kwa sababu ndilo uliloniuliza: kama Mayu bado analo moyoni. Nitakujibu, subiri nifike.

Miaka miwili iliyopita wale wajane wetu wawili walianza mafundisho. Mayu Salu ndiye aliyeanza, Mayu Kwandu akamfuata akisema anamsindikiza tu asianguke njiani. Kumbe alikuwa anasikiliza kila neno. Sala alizishika kabla ya vijana, hata herufi alijifunza, akawa anaandika na kijiti mchangani mbele ya jiko. Pasaka ya mwaka huu ikapangwa kuwa siku yao. Mimi nilishawashonea magauni meupe.

Wiki moja kabla ya Pasaka, Mayu Kwandu alinyoosha mkono darasani. Mwalimu wao ni katekista Jilala, kijana mwaminifu sana, asiyejua kusema uongo hata wa kumfurahisha mtu.

"Mwalimu, nikishabatizwa, nikifa naenda wapi?"

"Ukidumu katika imani, mbinguni, Mayu."

"Na Mihayo yuko wapi?"

Darasa zima lilikuwa linamjua Baba. Jilala aliinamisha kichwa, akafungua kitabu, akakifunga. Akasema alivyofundishwa yeye: kwamba bila maji hakuna njia.

Mayu Kwandu akakunja kanga yake. "Wabeja, asante mwalimu, umenijibu vizuri. Mtu nimekaa naye miaka thelathini na minane. Hakunipiga hata siku moja. Alilea mayatima wa ukoo mzima. Sasa mimi nipande juu nikale raha, yeye abaki peke yake huko? Hapana. Aliko ndiko nitakakokwenda." Akatoka. Mayu Salu naye akasimama: "Na mimi ndiye niliyemfungia mlango. Siendi bila mwenzangu."

Marcelo, nililia. Magauni niliyaweka chini kabisa ya sanduku nisiyaone.

Jumuiya yetu iligawanyika. Kuna waliosema mtu mwema ni wa Mungu hata asipojua, mwisho wa maneno. Wengine wakauliza, kama ni hivyo sisi tunaamka alfajiri kwenda misa kufanya nini? Mama mmoja wa kilokole, jirani yangu hapa Somanda, alinihurumia kweli, akaniambia nisijidanganye, mlango ni mmoja tu. Sikuweza kumkasirikia. Alilisema huku analia, kama wewe siku ile.

Nikaenda kwa Padre Januarius. Alinisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Akaniambia Kanisa limewatangaza watakatifu wengi kwa majina, lakini halijawahi kumtangaza mtu hata mmoja kwa jina kwamba yuko motoni. Akasema sisi ndio tuliofungwa kamba na sakramenti, lazima tuzifuate. Mungu mwenyewe hajafungwa, anaweza kumfikia mtu kwa njia anayoijua yeye. Na mtu aliyeutafuta ukweli kwa moyo wake wote akatenda kadiri ya alivyoelewa, tunayo haki ya kumtumainia mema. "Kumtumainia," alirudia, "siyo kumthibitishia. Uthibitisho siyo kazi yangu."

Alipanda pikipiki mpaka kijijini akamwambia Mayu Kwandu maneno hayo hayo. Mayu alimsikiliza kwa heshima, akampa kuku jogoo wa kuondoka naye. Pikipiki ilipopotea akanigeukia: "Padre ni mtu mzuri. Lakini nimemsikiliza mpaka mwisho, anasema labda. Kwa labda siendi."

Pasaka ikapita hivyo.

Mwezi wa saba nilikwenda Shishiyu kuwasaidia kuvuna pamba. Siku hizi ungeshangaa. Siyo kama zamani, chama kimoja, ghala moja, unasubiri. Makampuni binafsi yanakuja na malori mpaka uwanjani, kila moja na mizani yake, wanagombania marobota kama wachumba. Wazee wanasema soko huria limewafanya wabembelezwe uzeeni.

Siku moja Mayu Salu alipeleka robota lake kwenye mizani ya kampuni moja ngeni. Aliyekuwa anapima alikuwa mzee wa makamo, mwembamba, mtu wa kule ziwani, Kalemela. Anaitwa Elia. Akauliza jina.

"Salu Mihayo."

Akaliacha robota linaning'inia. "Mihayo yupi, mama?"

"Mume wangu. Yuko mwingine?"

"Alikuwa na ng'ombe wawili wa mkokoteni, mmoja mwekundu, mmoja ana pembe moja?"

Mayu Salu alidhani ni mambo ya deni la zamani, akaanza kusema marehemu hakudaiwa na mtu. Yule mzee akawa hasikii. Alimwachia mwenzake mizani, akaja naye nyumbani kwa miguu, jua la saa saba. Mimi na Mayu Kwandu tulikuwa tunamenya karanga. Alisalimia, akapewa kigoda, akashindwa kukaa. Akaomba kwanza aonyeshwe kaburi.

Nilimpeleka pale kando ya zizi. Alipiga magoti kwenye samadi kavu, mtu mzima na suruali yake ya kazi, akalia bila kujificha. Sisi wanawake tukasimama tu. Alipomaliza akakaa, akanywa maji, akatuambia.

Mwaka 1971, msimu wa kulima, Elia alikuwa kijana anayechuuza dagaa kwa baiskeli, kutoka ziwani mpaka vijiji vya huku. Homa ya matumbo ikamwangusha njiani, mbali na nyumba. Waliopita walipita, wakati ule watu waliogopa kipindupindu, na mtu anayetapika barabarani haguswi. Kisha ukaja mkokoteni wa Baba. Baba alimpakia yeye, baiskeli yake na gunia lake la dagaa, akageuza ng'ombe, akampeleka hospitali, safari ya siku nzima. Akakaa naye siku nne, kwa sababu mgonjwa hakuwa na ndugu wa kumletea chakula.

"Alinipikia uji," alisema Elia. "Kila asubuhi, pale uani penye mafiga ya akina mama. Wanawake walimcheka, mwanaume mzima na mwiko. Yeye anakoroga tu."

Marcelo, wewe ulimwona Baba akishika mwiko? Mimi sikumwona.

Elia akaendelea. "Nilipopata nguvu ya kusema, nilimwuliza, mzee, wewe ni mtu wa dini gani? Akasema hana. Nikamwuliza, basi kwa nini unanifanyia haya? Akasema, 'Mungu Liwelelo amekuweka katikati ya njia yangu. Ningepitia wapi?'"

Wakati huo nilimtazama Mayu Kwandu. Alikuwa ameacha karanga. Mikono yake imelala mapajani kama si yake.

"Siku sita," alisema polepole. "Mwaka ule alipotea siku sita, na ng'ombe, mvua imeshanyesha, majirani wote wanalima. Aliporudi nikamwuliza alikuwa wapi. Akasema, 'Ng'ombe walichoka.' Basi! Neno hilo moja tu. Mimi nikajua ni mwanamke. Nikamnyima ugali siku tatu."

"Siku nne," alisema Mayu Salu. "Mimi ndiye niliyekuwa nampa kwa siri."

Mayu Kwandu akacheka, machozi yanamtoka, akawa anajipiga paja. "Mtu ametoka kuokoa roho ya mtu, mimi namnyima ugali! Na yeye anakula huku amenyamaza!" Tukacheka wote, na Elia naye, mpaka majirani wakaja kuchungulia.

Lakini neno lenyewe lilikuwa bado. Mayu Kwandu alimwuliza kwa nini hakurudi miaka yote hiyo. Elia akasema alirudi mwaka 1975, akakuta watu wamehamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mahame matupu, hakuna aliyeweza kumwelekeza. Akarudi ziwani. Yeye ni mzee wa kanisa kule Kalemela, Mprotestanti. Basi akaamua kwamba kama hawezi kumpata mtu, atampeleka kwa Mungu. Kila Jumapili, inapofika sala ya maombi, anasimama na kutaja: Mihayo wa Shishiyu.

"Kila Jumapili?" Mayu aliuliza.

"Kila Jumapili, mama. Miaka ishirini na mmoja. Hata watoto wa kanisa letu wanalijua jina hilo, wanadhani ni mtu wa kwenye Biblia." Halafu akajishika kichwa. "Na sasa mnaniambia amefariki miaka kumi na mitatu iliyopita. Kwa hiyo nimekuwa namwombea marehemu, na kwetu hairuhusiwi! Mchungaji nitamwambia nini?"

Mayu hakucheka safari hii. Alimsogelea akamwuliza lile swali lake, kama alivyomwuliza Jilala: huyu mtu yuko wapi?

Elia akasema, "Mama, mimi nafundisha kwamba Yesu ndiye njia, na nitafundisha hivyo mpaka nife. Lakini yeye mwenyewe alisema kwamba siku ile wapo watakaoshangaa kusikia kuwa walimtazama akiwa mgonjwa, na wao hawakujua kuwa ni yeye. Mimi ndiye nilikuwa yule mgonjwa. Nikiitwa kutoa ushahidi, nitasimama. Zaidi ya hapo sijui."

Jioni, Elia alipokuwa amesharudi kwenye lori lake, tukiwa tunakula, Mayu Kwandu akasema kama anayezungumza na bakuli: "Mimi nilidhani tulikaa nje wote wawili. Kumbe jina lake lilikuwa ndani miaka yote, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nje."

Akaongeza: "Geni" (bado ananiita hivyo) "yale magauni yako wapi? Nataka kwenda kumwuliza yule mtu kwa nini hakuniambia."

Ndivyo alivyoamua, mdogo wangu. Padre Januarius nilipomweleza alicheka mpaka akavua miwani. Akasema amebatiza watu kwa sababu nyingi, lakini anayekwenda mbinguni kudai maelezo kwa mumewe ni wa kwanza.

Jilala naye alikuja, peke yake, kabla hatujamwita. Alisimama mbele ya Mayu akasema, "Mayu, ulipouliza ningesema sijui. Nilijibu mahali ambapo Mungu mwenyewe hajajibu." Mayu akamwambia akae ale matobolwa yake ya viazi. Sasa wanapendana kama bibi na mjukuu.

Siku ya ubatizo usiombe. Ile kampuni ya Elia ilitoa lori bure, tukajaa na ngoma zetu. Mama zetu waliingia kanisani wameshikana mikono, magauni yangu yamewakaa sawasawa ingawa Mayu Salu amekonda. Padre alipouliza jina, Mayu Salu alikuwa amechagua Apolonia, tumelifanyia mazoezi mwezi mzima. Woga ukamshika, akasema kwa sauti, "Salu, mke wa Mihayo!" Kanisa likaangua kicheko. Padre akamwagia maji huku anatabasamu: Apolonia Salu. Mayu Kwandu ni Klementina. Yeye hakukosea kitu, alijibu kwa sauti mpaka nje wakasikia.

Kwenye maombi Padre alimtaja Mihayo. Elia alikuwa benchi la nyuma, na nilimsikia akiitikia kabla ya wengine. Tukatoka kwa vigelegele, tukala ng'ombe, vijana wakacheza na majembe yao mpaka vumbi likafunika kanisa. Mayu Klementina alicheza pia. Ana miaka sabini na moja. Kesho yake alishinda amelala, anasema magoti yake bado ni ya kipagani.

Sasa jibu lako. Siku mbili baada ya ubatizo nilimsomea barua yako, yote, hata pale ulipoandika kwamba ndiyo sababu hujakanyaga nyumbani miaka tisa. Alisikiliza. Akasema, "Alikuwa anaogopa. Mtoto akiogopa anapiga kelele. Maneno yale nilimsamehe kabla kaburi halijafunikwa, nilidhani anajua." Halafu akanilaumu mimi kwa kutokukuambia, na kweli nimekosa.

Uliniuliza pia uwafundishe nini vijana wako wa kanisa huko, wanapouliza kuhusu babu zao. Mimi ni fundi cherehani, sijasoma. Naona uwafundishe njia yote kama ulivyoipokea, usipunguze hata pindo. Ila wakikutajia mtu kwa jina, waombe wakusimulie alivyoishi, kisha msali pamoja. Hilo halitamkosesha mtu imani.

Njoo Desemba, na wifi na watoto. Elia ameahidi atakuja na samaki, na tunataka kulijengea kaburi sementi wote tukiwepo. Wasalimie sana Scola na wanangu. Mayige anakusalimu, Nancy pia, Mayu Apolonia anasema mleteni huyo mdogo ambebe naye. Mungu aliyekulinda ugenini akusafirishe salama, na akufungulie barabara ya kurudi kwenu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Generoza Mihayo

Nilikuwa nafunga bahasha, Mayu akaninyang'anya kalamu. Nilimwambia aweke dole gumba, akakasirika. Imemchukua muda mrefu kuliko barua yangu yote. Herufi hizi hapa chini ni zake mwenyewe, sikumsaidia hata moja:

MARSELO NJOO. UGALI UPO. MAYU